Malai Hayapotei, Bali Huhama

Mtu akiulizwa taifa fulani lina malai kiasi gani, jibu linalomjia haraka ni kuhesabu ng'ombe, kisha kuzidisha idadi yao kwa lita za maziwa wanazotoa kwa siku. Jibu hilo halitoshi. Malai si zao linalokamuliwa, bali ni sehemu ya maziwa ambayo mtu ameamua kuitenga na sehemu nyingine. Kwa hiyo wingi wa malai katika nchi hutegemea mambo mawili: kwanza, mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe wake, na pili, uamuzi wa watu juu ya mahali mafuta hayo yatakapopelekwa. Jambo la kwanza ni la elimu ya viumbe. La pili ni la uchumi, siasa na desturi.

Katika makala haya nitafuata safari ya malai katika nchi moja yenye kumbukumbu ndefu, yaani Marekani, ambako Wizara ya Kilimo ina hesabu za vyakula vya taifa zinazorudi nyuma hadi mwaka 1909. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu ya daftari lake, wala si kwa sababu kila ilichokitenda kinafaa kuigwa. Baada ya hapo nitarudi nyumbani, kwa kuwa funzo linalopatikana kule linatuhusu sisi. Hoja yangu ni kwamba mafuta ya maziwa hayapotei, bali huhama. Na taifa lisiloyapima haliwezi kujua yamehamia wapi wala ni nani aliyefaidika nayo.

Malai ni nini?

Maziwa ni maji yaliyobeba sukari, protini, madini na chembechembe ndogo sana za mafuta. Nyingi kati ya chembechembe hizo zina kipenyo kisichozidi sehemu 10 za elfu moja za milimita. Mafuta ni mepesi kuliko majimaji yaliyoyazunguka: lita moja ya mafuta ya maziwa ina uzito wa kilo 0.93 hivi, hali lita moja ya maziwa yaliyoenguliwa ina kilo 1.035 hivi. Ndiyo maana maziwa mabichi yakiachwa yatulie usiku kucha mahali pa baridi, mafuta hupanda juu na kufanya tabaka zito lenye rangi ya manjano hafifu. Tabaka hilo ndilo malai. Yafaa lisichanganywe na utando unaotokea maziwa yanapochemshwa, kwani utando huo una protini nyingi zilizogandishwa na moto.

Kwa karne nyingi binadamu alingoja uzito wa dunia ufanye kazi hiyo polepole. Mwaka 1878 Gustaf de Laval wa Sweden alibuni mashine iliyotenganisha malai kwa kuyazungusha maziwa kwa kasi kubwa bila kusimama. Maziwa mazito yasiyo na mafuta hutupwa pembeni, na malai mepesi hubaki karibu na katikati. Mwaka 1899 Auguste Gaulin wa Ufaransa naye alipata hataza ya mashine iliyofanya kinyume chake: iliyapitisha maziwa katika matundu membamba kwa nguvu hata chembechembe za mafuta zikavunjika, zikawa ndogo mno kuweza kupanda juu. Kwa sababu hiyo maziwa mengi ya pakiti hayatoi tabaka la malai hata yakikaa siku nzima. Mafuta yamo humo humo, ila yametawanywa.

Sasa tufanye hesabu moja ndogo. Chukua kilo 100 za maziwa yenye mafuta asilimia 4. Humo mna kilo 4 za mafuta, si zaidi wala si pungufu. Ukiyaengua yote ukapata malai yenye mafuta asilimia 40, utakuwa na kilo 10 za malai na kilo 90 za maziwa yasiyo na mafuta. Ukitaka maziwa yanayobaki yawe na mafuta asilimia 2, utapata malai kilo 5.26 na maziwa kilo 94.74. Jumlisha mafuta ya pande zote mbili na utarudi kwenye kilo zile zile 4. Hii ni kanuni ya kuhifadhika kwa maada ambayo kila mwanafunzi wa kemia huifahamu, nayo ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Chupa iliyoleta haki

Kabla ya mwaka 1890 mkulima wa Marekani aliyepeleka maziwa kiwandani alilipwa kwa uzito. Aliyeongeza maji alilipwa sawa na mwaminifu, na aliyeengua malai nyumbani kabla ya kupeleka maziwa alilipwa mara mbili. Mwaka huo Stephen Babcock, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alitangaza kipimo rahisi. Maziwa hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa vipimo, kisha huongezwa asidi ya salfuriki ambayo huyeyusha protini na kuyaacha mafuta huru. Chupa huzungushwa, maji ya moto huongezwa, na mafuta hupanda shingoni, ambako asilimia yake husomwa kwa macho. Babcock hakuomba hataza ya uvumbuzi huo, na ndiyo maana ulienea upesi. Niklaus Gerber wa Uswisi alibuni kipimo kingine cha namna hiyo katika miaka hiyo hiyo, nacho kingali kinatumika katika nchi nyingi.

Tangu hapo mafuta ya maziwa yakawa na bei yake. Wakulima wengi walinunua mashine za kutenganisha, wakapeleka malai peke yake kwenye viwanda vya siagi, na maziwa yaliyoenguliwa wakawapa nguruwe na ndama. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani mmoja alipata zaidi ya kilo 7 za siagi kwa mwaka.

Kushuka kwa malai Marekani

Pigo la kwanza lilikuwa la vita. Mwishoni mwa mwaka 1942 serikali ilizuia uuzaji wa malai mazito ili mafuta yatumike mahali pengine, na mwaka 1943 siagi ikaanza kutolewa kwa mgawo. Watu walizoea majarini, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya mimea na ilikuwa na bei nafuu. Wenye viwanda vya siagi walikuwa wamelindwa kwa muda mrefu na kodi maalumu iliyotozwa majarini yenye rangi ya manjano, lakini kodi hiyo ya taifa iliondolewa mwaka 1950. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, majarini ilikuwa imeipita siagi mezani.

Pigo la pili lilikuwa la hofu. Mwaka 1961 chama cha Marekani cha kupambana na magonjwa ya moyo kilishauri watu wapunguze mafuta ya wanyama, na mwaka 1977 kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Seneta George McGovern ilitoa malengo ya lishe yenye mwelekeo huo huo. Ushauri huo uliingia majumbani. Maziwa yenye mafuta pungufu yalianza kuchukua nafasi ya maziwa kamili, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 yalikuwa yameyapita kwa mauzo. Siagi, ambayo ilikuwa imezidi kilo 7, ikawa kilo 2 hivi kwa mtu kwa mwaka.

Msomaji angetazamia kwamba kwa mwenendo huo malai ya Kimarekani yangepotea kabisa. Sivyo ilivyokuwa. Kati ya mwaka 1970 na mwisho wa karne, malai ya majimaji yaliyotumiwa na kila mtu yaliongezeka kwa zaidi ya nusu. Watu wale wale walioagiza maziwa yasiyo na mafuta waliyatia malai katika kahawa, katika mchuzi na katika vitafunio.

Mafuta yalikwenda wapi?

Hapa ndipo hesabu yetu ya kilo 100 inapofanya kazi. Kila glasi ya maziwa yaliyoenguliwa iliyonywewa mezani iliacha malai kiwandani, na kiwanda hakiwezi kuyamwaga. Lazima kitafute mnunuzi. Mnunuzi wa kwanza alikuwa serikali yenyewe, ambayo kwa sheria ya kutegemeza bei ililazimika kununua siagi, jibini na unga wa maziwa uliokosa soko. Ghala zilifurika, hata Desemba 1981 Rais Reagan akaamuru kiasi cha kilo milioni 13.6 za jibini zigawiwe maskini.

Mnunuzi wa pili, aliye mkubwa zaidi, alikuwa mlaji yule yule aliyeyakimbia mafuta, ila safari hii aliyapokea kwa jina jingine. Mwaka 1975 Mmarekani mmoja alipata karibu kilo 112 za maziwa ya kunywa. Mwaka 2019 alipata kilo 64. Lakini katika muda huo huo jibini ilipanda kutoka kilo 6.5 hadi kilo 17.4, na siagi ikapanda tena kutoka kilo 2.1 hadi kilo 2.8. Wataalamu wanapozichukua bidhaa zote na kuzigeuza kuwa maziwa kwa kufuata mafuta yaliyomo, hesabu inaonyesha karibu kilo 244 kwa mtu mwaka 1975 na karibu kilo 296 mwaka 2019. Taifa lililoamini kwamba limepunguza mafuta ya maziwa lilikuwa linakula mengi zaidi ya awali.

Sisemi haya ili kumcheka mtu. Wala sishauri watu wale malai bila kiasi, maana Shirika la Afya Duniani hadi leo linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula. Nasema haya ili mwanafunzi aone hatari ya kusoma mstari mmoja wa takwimu na kuuacha mwingine. Aliyetazama maziwa ya kunywa peke yake aliona taifa linaloacha mafuta, na aliyetazama jibini peke yake aliona taifa linaloyapenda mno. Aliyeweka mizania ya mafuta yote aliona ukweli.

Nchi hupata inachokilipia

Kuna sura ya mwisho ya habari hii, nayo ndiyo inayonigusa zaidi kwa kuwa ina funzo la sera. Kwa miongo mingi maziwa ya Marekani yalikuwa na wastani wa mafuta unaokaribia asilimia 3.7, na ilidhaniwa kwamba hiyo ndiyo tabia ya ng'ombe wa kule. Mwaka 2000 sheria za masoko ya maziwa zilifanyiwa mabadiliko makubwa, na katika sehemu kubwa ya nchi mkulima akaanza kulipwa kwa kilo za mafuta, kilo za protini na kilo za vitu vingine vigumu vilivyomo katika maziwa yake. Baadaye wafugaji walipata njia ya kuchagua madume kwa kuchunguza chembe zao za urithi, na bei ya siagi nayo ikapanda. Matokeo yake ni kwamba wastani wa mafuta, uliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, umepita asilimia 4.

Ng'ombe hakusoma sheria hiyo, lakini aliyemlisha na aliyemchagulia dume aliisoma. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilionyeshwa hati ya malipo ya mfugaji mmoja: mstari wa kwanza ulitaja uzito wa maziwa, na mistari iliyofuata ikataja kilo za mafuta na za protini, kila moja na bei yake. Mfugaji yule hakuwa msomi wa kemia, bali alikuwa na karatasi iliyomwambia kila mwezi ng'ombe wake wanatoa nini.

Malai yetu wenyewe

Sasa tuitazame Afrika ya Mashariki kwa jicho hilo la mizania, kwa sababu hapa pia mafuta ya maziwa yamekuwa yakihama.

Nchini Kenya masetla wa Kizungu waliunda mwaka 1925, huko Naivasha, ushirika ulioitwa Kenya Co-operative Creameries. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la malai, na halikutolewa bure. Katika miaka hiyo wakulima wengi walitenganisha malai shambani, wakayapeleka kiwandani yatengenezwe siagi, na sehemu ya siagi hiyo ikasafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza. Bei ya dunia ilipoanguka, serikali ya kikoloni ilipitisha mwaka 1931 sheria ya kutoza ushuru siagi iliyouzwa ndani ya nchi ili kufidia iliyouzwa nje. Kwa maneno mengine, mlaji wa Kenya alimlipia mlaji wa London sehemu ya bei ya malai. Na mfugaji Mwafrika hakufunguliwa mlango mpana wa kufuga ng'ombe wa kisasa mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Hapa Tanganyika mafuta ya maziwa yalisafiri kwa sura ya samli. Katika Kanda ya Ziwa, ambako ng'ombe ni wengi na masoko ya maziwa yalikuwa mbali, kutengeneza samli kulikuwa jambo la busara, maana maziwa huharibika kwa saa chache bali samli hukaa miezi. Mashine za kutenganisha malai zilizungushwa kwa mkono, na maziwa yaliyoenguliwa yalibaki nyumbani.

Baada ya uhuru safari ikageuka. Katikati ya miaka ya 1970 iliundwa kampuni ya umma iliyoitwa Tanzania Dairies Limited, yenye viwanda katika miji kadhaa. Maziwa ya wafugaji hayakutosheleza viwanda hivyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya maziwa ya mijini ilitengenezwa kwa kuchanganya maji, unga wa maziwa yaliyoenguliwa na mafuta ya siagi, vitu ambavyo vingi vilikuja kama msaada kutoka nje. Wakati huo huo nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilikuwa na ziada kubwa ya siagi. Mwaka 1984 zililazimika kuweka kikomo cha maziwa ambayo kila nchi iliruhusiwa kuzalisha, kikomo kilichoondolewa mwaka 2015, na mwaka 1986 akiba yao ya siagi ilipita tani milioni moja. Basi mtoto wa Dar es Salaam alikunywa maziwa yenye mafuta ya ng'ombe wa Ulaya, hali ng'ombe wa nchi yake walikuwa kwa mamilioni. Viwanda vile vilibinafsishwa baadaye, lakini swali lililoachwa lingalipo.

Leo Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, na walio wengi ni wa kienyeji. Maziwa ya ng'ombe hao ni machache kwa kila mmoja lakini ni mazito. Mafuta yake mara nyingi hukaribia asilimia 5, yakilinganishwa na asilimia 3.5 hadi 4 za ng'ombe aina ya Friesian. Tuchukue mama wawili wanaofika katika kituo kimoja cha kukusanyia maziwa. Mmoja ameleta kilo 10 za maziwa yenye mafuta asilimia 5, mwenzake kilo 10 zenye asilimia 3.5. Wa kwanza ameleta nusu kilo ya mafuta, wa pili gramu 350. Bei ikiwa ni ya lita tu, wote wawili watapokea fedha zile zile. Gramu 150 za yule wa kwanza zimekwenda kiwandani bila kulipiwa, nazo zitauzwa mjini kwa jina la siagi au aiskrimu. Hakuna aliyemwibia kwa makusudi. Ni kwamba hakuna aliyeandika. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Laktometa haitoshi

Pengine mtu atasema kwamba vituo vyetu vingi vina laktometa, na kwamba chombo hicho kinatosha kulinda ubora. Mwalimu wa fizikia atajua mara moja kasoro yake. Laktometa hupima uzito wa maziwa kwa ujazo. Maji yakiongezwa, kipimo hushuka. Malai yakienguliwa, kipimo hupanda. Mdanganyifu anayefanya yote mawili kwa ustadi hurudi pale pale alipoanzia. Chukua lita 6 za maziwa yaliyoenguliwa, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 1.035, uchanganye na lita 1 ya maji yenye uzito wa kilo 1. Jumla ni kilo 7.21 kwa lita 7, yaani kilo 1.03 kwa lita, kipimo kile kile cha maziwa safi. Laktometa itasema mema juu ya maziwa yasiyo na malai hata kidogo. Ni kipimo cha mafuta peke yake kitakachofichua hila hiyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kituo cha kukusanyia maziwa kipime mafuta, na mfugaji apewe hati inayotaja lita zake na mafuta yake, na bei ifuate vyote viwili. Pili, taarifa za taifa za maziwa zitaje tani za mafuta pamoja na lita: yaliyozalishwa, yaliyoingia viwandani, yaliyoagizwa kutoka nje na yaliyouzwa kama siagi, samli, jibini na malai. Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 ilikwisha kuunda Bodi ya Maziwa. Chombo cha kuratibu kazi hiyo kipo.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la gharama. Mfugaji anayeleta lita 3 hawezi kupimiwa kila asubuhi. Ni kweli, lakini hakuna haja ya kufanya hivyo. Kijisehemu kidogo cha maziwa yake ya kila siku huweza kuhifadhiwa katika chupa yenye dawa ya kuzuia kuharibika, na chupa hiyo ikapimwa mara moja baada ya siku kadhaa. Siku hizi viko pia vipimo vya umeme visivyohitaji asidi.

Pingamizi la pili ni kwamba sehemu ndogo sana ya maziwa yetu ndiyo inayofika viwandani, na kwa hiyo hesabu hiyo itawagusa wachache. Nami nakubali kwamba ni wachache kwa sasa. Lakini utaratibu wa haki ni rahisi kuuanzisha wakati wanaohusika ni wachache kuliko kuurekebisha watakapokuwa wengi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Mafuta yakipewa bei, huenda familia zikaengua malai na kuyauza, na watoto wakabakiwa na maziwa mepesi. Maziwa yaliyoenguliwa yana protini na chokaa, lakini yamepoteza vitamini A, ambayo huandamana na mafuta, na yamepoteza karibu nusu ya nguvu yake. Katika jamii nyingi za wafugaji akina mama ndio wenye mamlaka juu ya maziwa, na fedha ya malai ikianza kuwa nyingi mamlaka hayo yanaweza kuhamia kwa wengine. Hofu hii haifai kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba kinacholipiwa kituoni kiwe maziwa kamili, mafuta yake yakiwa yamehesabiwa ndani, wala si malai peke yake. Aliyeengua ataonekana kwenye hati, na hatakuwa na faida ya kuengua. Tena mama anayejua kwamba lita zake zina thamani kubwa zaidi anaweza kuuza lita chache na kubakiza nyingi kwa wanawe. Hata hivyo uamuzi huo ni wake, na elimu ya lishe lazima iende sambamba na bei.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Kazi hii inaweza kuanzia darasani bila kungoja waraka. Mwalimu awatume wanafunzi walete maziwa mabichi kutoka kwa wafugaji watatu walio karibu, wayatie katika bilauri ndefu nyembamba zenye ukubwa sawa, na wayaache usiku mmoja mahali pa baridi. Asubuhi wapime kwa rula urefu wa tabaka la malai na kuulinganisha na urefu wa maziwa yote. Pembeni waweke maziwa ya pakiti, na waeleze kwa nini hayakutoa tabaka. Maziwa mabichi yasinywewe kabla ya kuchemshwa. Kipimo hiki si sahihi kama kile cha Babcock, kwani ukubwa wa chembechembe na hali ya baridi huathiri matokeo, lakini kitatosha kuonyesha kwamba lita moja si sawa na lita nyingine.

Kisha wanafunzi wa hisabati watengeneze mizania ya kijiji: ng'ombe wangapi, lita ngapi, mafuta kiasi gani, na mafuta hayo yamegawanyika vipi kati ya ndama, watoto, soko na kiwanda. Watakapofika kwenye mstari usiojumlika, wasiufute. Waende kuuliza mafuta yaliyopungua yamekwenda kwa nani, na kwa bei gani.